Dawa ya Firisi

6 Juni 1983, Jumatatu

Nimeletwa nyumbani juu ya mlango. Wameung'oa mlango wa stoo ya spea, wakanilaza kifudifudi, wanaume wanne wakashika pembe, na kila tuliyempita akauliza kama nimekufa. Isidori, msaidizi wangu, akawa anajibu, "Hapana, mgongo tu."

Tulikuwa tunafunga kisu kirefu cha mbele cha kombaini namba moja, mashine ya kuvunia ngano. Ni kazi ya watu wanne. Nilisema wawili tunatosha, mimi na Isidori, kwa sababu nilitaka vijana waone. Nilisikia kitu kinakatika kiunoni kama ukuni mkavu, halafu moto ukashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole gumba. Nilipiga kelele. Waliosikia wanasema nilimwita mama yangu.

Naandika nimelalia tumbo juu ya mkeka, daftari la saa za mashine liko mbele ya pua. Miaka yote nimeandika humu saa za injini na lita za dizeli. Sasa sina mashine ya kuandika habari zake.

8 Juni

Mke wangu Helena amenipeleka chooni. Siongezi neno.

11 Juni

Mganga wa zahanati amekuja kwa baiskeli. Ameinua mguu wangu ukiwa umenyooka, nikalia. Anasema ni diski ya uti wa mgongo, imechomoza. Ameniachia aspirini, na amri ya kulala chini wiki nyingi bila kuinua hata ndoo.

"Mavuno yanaanza mwisho wa mwezi huu," nikamwambia.

"Yataanza bila wewe," akasema. Hakukusudia ubaya, lakini tangu aondoke sikumbuki kingine alichosema.

14 Juni

Leo nimecheka, na kicheko kimenichoma kama kisu. Letisia, mdogo wake Helena, ni msaidizi wa mifugo hapa Balangdalalu na anakaa kwetu. Amerudi kutoka kliniki yake, akavua viatu vya josho mlangoni, akasema, "Shemeji, una ugonjwa mmoja na Firisi."

Firisi ni mbwa wa mama Kornelia, mpishi wa nyumba ya wageni ya Shamba letu la ngano. Mzungu fundi mitambo alimwacha alipomaliza mkataba. Ni mrefu kama soseji, miguu mifupi, tumbo linakaribia kufagia sakafu. Watu humcheka mama Kornelia, mjane mzima, anavyotembea na kitu hicho. Juzi mbwa aliruka kutoka ngazi ya jikoni, akalia, na tangu hapo miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi. Letisia anasema ni diski. Mbwa wa umbo lile huzaliwa na diski mbovu.

Helena alicheka mpaka akaitua sufuria. Kumbe mimi na mbwa wa jikoni.

18 Juni

Daktari Severine amefika na Landrova ya chuo cha mifugo. Alimfundisha Letisia, na huku anapita kukusanya damu za ng'ombe. Letisia amemleta nyumbani kunywa chai, nami nikawakaribisha nikiwa sakafuni, jambo ambalo sijazoea.

Ni mtu mwembamba asiye na haraka. Nilimwuliza diski ni nini hasa.

"Umeshakula kitumbua," akasema. "Nje kimekaza, ndani laini. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu cha namna hiyo. Kikipasuka, ule ulaini unatoka, unaubana mshipa wa fahamu. Mshipa unavimba. Sehemu kubwa ya maumivu yako ni uvimbe."

Amempa Letisia kichupa cha dawa ya kushusha uvimbe kwa ajili ya Firisi. Ndiyo kazi anayoifanya chuoni. Anachukua mbwa wenye diski, wengine anawadunga dawa, wengine maji ya chumvi, wote anawafungia ndani ya sanduku wasitembee, kisha anatazama nani anasimama. Wenzake wa nje walianza na panya.

"Na umeona nini?"

"Waliopata dawa wanaacha kulia mapema. Wanakula. Hilo nimeliona. Kama wanapona kuliko wengine, bado sijui. Tena wapo wanaojisikia vizuri mno. Wanaruka, na ule ulaini unatoka wote, basi miguu imekwisha. Ndiyo maana sanduku ni muhimu kuliko sindano." Akamgeukia Letisia. "Umesikia? Afungiwe. Na dozi usikatize ghafla. Ipunguze kidogo kidogo. Kichupa ni hicho kimoja, sina kingine mpaka nirudi."

"Na binadamu?" nikauliza.

"Binadamu ana daktari wake," akasema, akamaliza chai.

22 Juni

Mama Kornelia amekuja mbio, Firisi amefungwa kwenye kanga mgongoni kama mtoto, anamwita Helena. "Amesimama! Mama Patriki, njoo uone, amesimama na amekula maini!" Amemtua uani. Mbwa akasimama kweli, akitetemeka, akatikisa mkia, akakojoa kwenye maua ya Helena. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nikasema hongera. Halafu nikageukia ukutani. Nina miaka arobaini na moja, nimeendesha kombaini tangu ngano ya kwanza kupandwa uwanda huu, na nilikuwa namwonea wivu mbwa.

25 Juni

Wameanza kuvuna. Nasikia kutoka hapa nilipolala. Namba moja naijua kwa mlio. Isidori anabadilisha gia kama anayepasua kuni. Kila akikosea, misuli yangu yote inakaza.

27 Juni

Upepo, vumbi. Isidori amekuja kunisalimu akiwa na makapi ya ngano kwenye nyusi. Nilijifanya nimelala.

29 Juni, Petro na Paulo

Helena alikwenda misa. Letisia alibaki kufua. Nilimwita.

Nilianza kwa upole. Nilimwambia maumivu hayaniachi nile, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwuliza kama dawa ile ni ya mbwa tu. Akasema hapana, ni ileile ya hospitali za watu, lakini hiki ni kichupa cha Firisi.

"Basi nidunge."

"Shemeji, siruhusiwi. Tena Firisi ana kilo tisa. Wewe je? Dozi yako moja ni nusu ya kilichobaki kichupani."

"Nusu inabaki."

Akaendelea kukamua maji kwenye shati. Nikaona hatakubali, nikafanya nililofanya. Nilimkumbusha kwamba anakaa chini ya paa langu. Nilimkumbusha nani alimsemea kwa mkubwa wa mifugo apangiwe hapa badala ya Yaeda Chini, kule njia inakokatika mvua zikinyesha. Nilisema, "Mbwa na mume wa dada yako, nani mtu?"

Akalia. Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kuchukua sindano. Alinidunga pajani bila kunitazama usoni.

2 Julai

Nimesimama! Nimekwenda chooni peke yangu. Nimekula sahani mbili za ugali na maziwa ya mgando. Moto wa mguuni umezimika, umebaki ganzi kidogo kwenye kidole gumba. Helena amepiga magoti akasali. Anadhani ni novena yake. Sikumwambia.

3 Julai, Jumapili

Nimemaliza nusu iliyobaki.

Letisia aliuliza, "Na Firisi nimdunge nini? Mama Kornelia atakuwa pale, anamshika kichwa kila siku."

Nikasema, "Mdunge maji ya chumvi. Si ndivyo daktari wake anavyofanya chuoni?"

Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Nilipoyasema yalionekana ya akili.

4 Julai

Mama Kornelia amempa Letisia mkate wa mayai kumshukuru kwa sindano. Tumeula sote. Letisia hakuugusa.

5 Julai

Nimerudi kazini. Meneja alinishika mkono mbele ya watu. Isidori alishuka kwenye namba moja, akanipa glavu zake. Kutoka kitini niliona ngano imelala mpaka miguuni pa mlima, na wingu limekaa juu ya Hanang kama kawaida ya asubuhi. Nilidhani nimepewa tena maisha yangu.

7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, lakini ngano haina sikukuu. Ng'ombe wa Gidahosh walikuwa kwenye mpaka, wananusa mabua tuliyokwisha kukata. Gidahosh ni mzee wa Kibarabaig. Boma lake lilikuwa hapa kabla ya Shamba, na sasa anachunga ukingoni. Sheria inasema asiingie. Nilipiga honi mfululizo mpaka ndama wakatawanyika kwenye vichaka, nikamfokea, "Mwizi wa mabua!" Alisimama tu na fimbo yake akinitazama. Vijana kwenye trela walicheka, nami nikapiga honi tena.

9 Julai

Firisi analia. Nyumba ya wageni iko mbali, lakini upepo unatoka huko. Helena anasema maskini Kornelia anashangaa, dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri, sasa mbwa hataki hata kuguswa. Letisia aliinuka mezani akatoka nje. Nikaomba niongezewe mboga.

11 Julai, imeandikwa hospitalini tarehe 15

Niandike yote sasa, maana nikiacha nitayapunguza.

Asubuhi Letisia alinisubiri nje ya karakana. "Miguu ya nyuma ya Firisi imekufa," akasema. "Nimembana vidole kwa koleo, hasikii. Mama Kornelia ameniuliza nimekosea wapi." Nikamwambia tutazungumza jioni. Nikapanda mashine.

Mchana kombaini ilijaa majani yaliyojisokota kwenye shafti, upande wa mbali karibu na mpaka. Desturi ni kuzima, kushuka kwa ngazi, kuita msaidizi. Isidori alikuwa anakuja na trekta na nilitaka anikute nimekwisha kusafisha. Nikaruka kutoka juu.

Hapakuwa na mlio safari hii. Nilitua, na miguu haikuwapo. Nilianguka uso kwenye mabua. Sikusikia maumivu makali, na hilo ndilo lililonitisha. Halafu nikasikia joto linaenea kwenye suruali, nikafikiri ni dizeli imemwagika. Nikanusa. Nilikuwa najikojolea na sikuweza kuzuia. Sikusikia hata mkojo unatoka, nilisikia tu nguo inalowa.

Watu walikuwa wanakuja kutoka kwenye trela, wanakimbia. Nilijaribu kujiviringisha nifiche. Mtu wa kwanza kunifikia alitoka upande wa mpaka, ng'ombe zake nyuma. Gidahosh. Alitazama suruali yangu. Alivua shuka lake la mabegani, akanifunika kutoka kiunoni mpaka miguuni, kisha akasimama kati yangu na wale waliokuwa wanakuja, mgongo kwangu, fimbo mkononi.

"Rudini," akawaambia. "Leteni gari. Huyu anataka gari, hataki macho."

Wakarudi. Isidori peke yake ndiye aliyepita. Alipiga magoti, akaniweka koti chini ya kichwa, akasema, "Bwana mkubwa, nimefika." Alisikia harufu, najua alisikia. Nilikuwa nalia kama siku ile ya mlango, na safari hii sikuwa na maumivu ya kusingizia.

Ng'ombe wa Gidahosh waliingia kwenye mabua wakala. Hakuna aliyewafukuza.

16 Julai

Daktari wa hospitali hii ya misheni anauliza nilipata dawa gani kabla ya kurudi kazini. Nimesema aspirini. Helena alikuwa ameketi pembeni ananishikia kikombe.

17 Julai

Nimemwambia daktari ukweli, kwa sababu amesema dawa nyingine zikikatizwa ghafla zinaweza kumuua mtu mezani wakati wa kupasuliwa. Kwa hiyo nisijisifu. Ni woga ulionifungua mdomo. Helena alisikia yote. Aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kwenye ukumbi wa nje. Aliporudi alinifunika miguu, akasema, "Mdogo wangu anakonda nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa namwambia ale."

Kesho napelekwa Moshi.

2 Agosti, Moshi

Nimepasuliwa. Daktari alinionyesha kwenye chupa kile kilichotolewa. Kidogo, cheupe, kama nyama ya kamba aliyechemshwa. Nilitazama muda mrefu. Mpira wa mkojo bado upo.

9 Agosti

Mguu wa kulia umeamka. Wa kushoto unainuka gotini, kisigino kinaburuta.

13 Agosti

Mpira wametoa. Nimekojoa mwenyewe, kidogo kidogo, nikisukuma tumbo kwa mkono. Nesi alipiga makofi na mgonjwa wa kitanda cha pili naye akapiga makofi. Nimejifunika shuka usoni.

28 Agosti

Nimerudi. Helena alinipokea stendi ya Katesh na gongo alilochonga Isidori. Njiani aliniambia mambo mawili. La kwanza, Letisia amehamia chumba cha kliniki. La pili, Letisia alikwenda mwenyewe kwa mama Kornelia, akamwambia yote, pamoja na sindano zile za maji ya chumvi. Hakusema nilimlazimisha. Alisema, "Nilichukua dawa ya Firisi nikampa shemeji."

"Na Kornelia akasemaje?"

"Akamwuliza kama mkate ulikuwa mtamu."

31 Agosti

Mama Kornelia amekuja. Niliinuka kwa gongo, nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba kwa sababu ni mtu mwenye adabu, lakini hakuketi. Alikuwa na Firisi ndani ya kanga. Alimweka sakafuni mbele yangu. Mbwa alijivuta kwa miguu ya mbele mpaka kwenye mguu wa meza, ya nyuma ikafuata kama nguo iliyolowa. Manyoya ya mapajani yameisha kwa kuburuta.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimetunga maneno Moshi, mazuri. Akainua mkono.

"Sikuja kusikia hayo. Nitakwambia nilichofuata. Mbwa huyu hawezi kukojoa. Asipokamuliwa kibofu asubuhi, mchana na jioni, anaoza kwa ndani. Mimi napika kwa wageni, mchana siwezi kutoka jikoni. Letisia ana ng'ombe za wilaya nzima. Watu wananiambia nimwombe polisi ampige risasi. Wewe hufanyi kazi sasa. Kila mchana ataletwa kwako umkamue."

"Mimi sijui namna."

"Utafundishwa," akasema, akaondoka na kuniachia mbwa.

1 Septemba

Letisia amekuja kunifundisha. Alinisalimu, "Habari za mchana, bwana Joakimu." Tangu nimuoe dada yake hajawahi kuniita hivyo. Nikasema, "Letisia, nilikulazimisha, na nitamwambia kila anayeuliza." Akasema, "Sawa. Shika hapa."

Unamlaza mbwa ubavu, unaweka vidole pande mbili za tumbo mbele ya mapaja, unatafuta kitu kama chungwa. Ukikipata, unabana taratibu, husukumi kwa nguvu. Nilibana vibaya. Firisi aligeuka akaniuma kidole, damu ikatoka.

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza ameng'ata mtu," Letisia akasema. Nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu.

2 Septemba

Leo mbwa hakuuma. Nimelowa mpaka kiwiko.

5 Septemba

Kabla sijampokea, mwenyewe nilikuwa nyuma ya nyumba nasukuma tumbo langu kwa mkono. Nikaoga, nikaja kusukuma la mbwa. Vijana wa karakana wamenipa jina. Mkamuaji. Isidori aliwakataza. Nimemwambia awaache.

12 Septemba

Helena alikuwa amefua shuka la Gidahosh, likakaa kwenye kamba ya nguo siku nyingi mno. Nilisema miguu haijapona. Miguu haikuwa sababu. Leo Isidori amenipeleka kwa trekta mpaka bomani.

Gidahosh alikuwa na wanaume wenzake, wanakunywa. Nilimwamkia, nikampa shuka kwa mikono miwili. Nikasema, "Nilikuita mwizi."

"Uliniita kwa honi," akasema. "Sauti yako sikuisikia." Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, "Sasa mkojo unatoka?"

Masikio yaliwaka moto. Nikasema unatoka, ila polepole.

"Vizuri," akasema, na wanaume wote wakaitikia kwa kichwa kama watu waliosikia habari za mvua. Hakuna aliyecheka. Waliniuliza na habari za mbwa. Kumbe wanajua. Huku kote wanajua. Nilieleza, na mmoja akasema ng'ombe wake aliteguka mgongo mwaka jana wakamchinja. Wakaniwekea kigoda.

18 Septemba

Firisi amejua sauti ya gongo langu. Nikija anageuka mwenyewe ubavu.

24 Septemba

Ngano yote imeingia ghalani. Isidori amepewa namba moja iwe yake daima. Mimi nitapangiwa stoo ya spea, kukaa kwenye kiti. Nilikwenda kumwonyesha Isidori jinsi ya kushika gia ile ya tatu inayokwama. Alishika mara ya kwanza bila kukosea. Alikuwa ameshajua tangu Julai, akaniacha nieleze mpaka mwisho.

30 Septemba

Letisia amekula chakula cha mchana kwetu. Hakuniita jina lolote.

8 Oktoba, Jumamosi

Landrova ya Daktari Severine imefika saa nne. Alikuwa anataka kujua habari za mbwa wake wa Balangdalalu. Letisia alimpeleka nyumba ya wageni, nami nikaenda kwa gongo, kwa sababu sikutaka aseme peke yake mara ya pili. Mama Kornelia alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono ina unga.

Daktari alimweka Firisi juu ya meza ya kukatia mboga, akambana vidole vya nyuma, akatazama macho yake. Hakuna kitu. Akauliza, "Dozi zilikwendaje?"

Letisia alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Hazikwenda. Zilizobaki nilizichukua mimi. Letisia alikataa, nikamtisha kwa nyumba yangu na kwa kazi yake. Kisha nikamwambia amdunge mbwa maji. Ni mimi niliyemwambia."

Daktari alinitazama, akatazama gongo, akatazama mguu wa kushoto. "Ukajisikiaje?"

"Vizuri sana."

"Ukaruka."

"Nikaruka."

Hakuonekana kukasirika, na hilo lilinisumbua. Alimgeukia Letisia, akamwambia maneno makali kwa sauti ndogo, kwamba dawa aliyokabidhiwa ni kama mtoto aliyekabidhiwa, na kwamba hatamwachia tena kitu mpaka mwaka ujao. Letisia akasema ndiyo, mwalimu. Uso wake ulikuwa mkavu.

Halafu daktari akavuta stuli, akazungumza na sisi wote. Alisema mwaka huu amewatazama mbwa wake vizuri zaidi. Waliopata dawa waliacha kulia mapema, wakala mapema. Lakini wakati wa kuhesabu nani anatembea na nani hatembei, makundi mawili yamekaribiana mno. Wale wa sanduku na maji ya chumvi wamesimama karibu sawa na wale wa sanduku na dawa. "Kumkatizia ghafla kulikuwa kosa, na zile siku za maumivu alizozipata hazikuwa za lazima," akasema. "Lakini miguu, sijui. Diski ya namna hii huenda ingetoka tu hata angemaliza kichupa. Siwezi kuapa."

Hapa niandike kilichotokea ndani yangu, maana hakuna mwingine aliyekiona. Nilifurahi. Kabla hajafunga mdomo nilikwisha kuyashika maneno yale kwa mikono yote miwili. Nilianza kuyapanga jinsi nitakavyomwambia Helena, na vijana wa karakana, na padri. Hata dawa ingekuwapo. Daktari mwenyewe amesema. Mgongo wangu ulinyooka. Ndipo nikamwona mama Kornelia ananitazama. Sura yangu ilikuwa imeshasema yote.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "si kosa la mtu?"

Alikuwa ananiuliza mimi, si daktari.

Nilihisi damu inapanda usoni kuliko siku ile shambani, maana kule mwili ulinisaliti, na hapa mwili ulikuwa mzima.

"Mama," nikasema, "siku ile nilipoichukua, nilidhani ndiyo itakayomponya. Nilidhani hivyo, na nikaichukua."

Sufuria ilikuwa inatokota. Letisia alikuwa anatazama sakafu, kisha akainua macho.

Mama Kornelia akafuta unga kwenye aproni. "Hayo ndiyo," akasema. Akampangusa Firisi masikio, akamwinua kutoka mezani, akaniwekea mikononi. "Kesho nina wageni wa wizara tangu asubuhi. Umchukue wewe asubuhi na mchana. Na umpake mafuta mapajani, pale penye kidonda, Letisia atakupa."

"Nitakuletea jioni, shemeji," Letisia akasema.

Firisi alikuwa mzito kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gongo. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Nikatoka naye nje haraka kadiri mguu unavyoweza, nikaketi kwenye ngazi ya jikoni, nikamlaza ubavu, nikatafuta mahali pa kushika.